Nimpime usonji binti yangu wa miezi mitano, au nimwache akue?

BARUA

Shikamoo Mama.

Nimeanza kusoma safu hii nikiwa bado Tanga, enzi hizo gazeti linatufikia likiwa limeshasomwa na nyumba tatu. Sikufikiri nami siku moja nitakaa kuandika.

Siku hizi tunaishi Uingereza, mji mmoja kaskazini ya London. Mume wangu anaendesha basi, mimi nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulea wazee. Tuna watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 6, na ana usonji, ile hali ambayo huku wanaiita autism. Mdogo ni wa kike, wiki hii anatimiza miezi mitano.

Nianze na mkubwa, maana swali langu limetoka kwake. Alipofika mwaka na miezi mitatu alikuwa na maneno manne: baba, maji, paka na "tena". Akayapoteza moja moja. La mwisho kuondoka lilikuwa "tena". Nilimpeleka kwa daktari. Nikaambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema, halafu mnamchanganyia lugha nyumbani, ongeeni Kiingereza tu. Tukaacha Kiswahili. Mama, mwaka mzima nilizungumza na mwanangu kwa lugha ambayo hata kubembelezea sijui. Hakusema. Nilirudi kwa daktari, nikarudi tena, mpaka nesi anayezunguka majumbani alipomwona akiwa na miaka miwili na nusu akatuandikia barua ya foleni. Karatasi yenye neno usonji tuliipata akiwa na miaka minne na miezi saba. Siku ile nililia, lakini si kwa sababu ya neno lenyewe. Nililia nikihesabu miezi iliyopita.

Leo anaendelea vizuri kwa namna yake. Ana maneno machache, mengine anaonesha kwa picha kwenye kishikwambi, shule inampenda. Anapenda kila chenye magurudumu.

Sasa hawa watafiti. Chuo kikuu kimoja cha London kinaalika familia zenye mtoto mkubwa mwenye usonji na mtoto mchanga. Mtoto anavalishwa kofia laini yenye vihisi vya kusoma mawimbi ya ubongo. Anaoneshwa picha, na mashine inafuata macho yake yanatazama wapi. Anacheza na mtafiti huku mimi nimekaa hapo hapo. Safari ya kwanza ni akiwa na miezi 5 au 6, kisha 10, kisha 14, na kuendelea mpaka miaka 3. Nauli wanalipa wao. Nimeshapiga simu, wametupa Jumanne ya wiki mbili zijazo.

Mume wangu hataki kabisa. Aliniambia, "Huyu mtoto hana kosa, unampeleka mahakamani kwa nini?" Anasema tukiambiwa ndiyo, tutamtazama kwa jicho jingine kabla hajatembea, tukiambiwa hapana, mimi sitaamini, nitatafuta kipimo kingine. Mama mkwe alipopata habari alipiga simu kutoka Unguja: "Usimchurie mtoto." Yeye ndiye aliyetuletea kombe mkubwa alipopoteza maneno, nami sikukataa, nilimnywesha. Wifi yangu anasema kinyume: nenda, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo hata ukweni wamegawanyika.

Mimi nataka kujua. Ningejua ya mkubwa akiwa na miezi sita nisingepoteza miaka minne. Usiku kazini, wazee wakishalala, huwa nasoma kwenye simu. Nimesoma kwamba kuna mashine Marekani inatambua kabla ya mtoto kutimiza mwaka, na inapatia mara nane katika kumi. Nane katika kumi, Mama! Kwa nini nisubiri?

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nina daftari. Kila siku namwita binti yangu jina lake mara tano na kuandika amegeuka mara ngapi. Naandika tabasamu zake. Nawasha tochi ya simu nione kama macho yanaifuata. Wiki iliyopita aligeuka mara mbili katika tano, na asubuhi ile nilipotoka kazini sikulala. Mume wangu aliliona daftari chini ya mto, akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu tukagombana jikoni, nikamwambia kwa sauti, "Mimi siwezi kuipita njia ile tena!" Mkubwa alikuwa sakafuni anapanga magari. Sijui alielewa nini.

Na moja la mwisho, usinicheke. Binti yangu hutabasamu kwa watu wote, lakini kicheko cha sauti anakitoa kwa kaka yake tu. Kaka akifurahi hupigapiga mikono hewani kama ndege, ndivyo alivyo. Mdogo akimwona hivyo hucheka mpaka anapaliwa, naye anarusha mikono. Je, hiyo nayo ni dalili?

Mama wa Wawili, Uingereza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu za usiku. Kufikiri jambo zito baada ya saa kumi za kugeuza wazee vitandani ni kazi nyingine juu ya kazi.

Unaniuliza kuhusu Jumanne. Mwenzio anasema kumpima ni kumhukumu, wewe unasema kutompima ni kurudia kosa la kwanza, na kila mmoja ana jeshi lake ukweni. Kabla sijagusa la nani ana haki, naomba uitafute ile karatasi ya maelezo waliyokutumia pamoja na fomu ya ridhaa. Isome ukiwa umelala vizuri. Tafuta mahali pameandikwa kwamba watawaambia, kutokana na ile kofia, kama binti yenu ana usonji au hana.

Sidhani utapaona. Kwa kawaida tafiti za namna hii hukusanya mawimbi ya ubongo na mwendo wa macho ya watoto wengi, wakasubiri wakue, kisha wakalinganisha kundi na kundi: waliokuja kuwa na usonji walitofautiana wapi na wenzao walipokuwa wachanga? Mtoto mmoja mmoja hapewi cheti cha ubongo. Wanachoweza kuwapa wazazi mara nyingi ni maelezo ya maendeleo ya mtoto kama walivyoyaona katika michezo, na karibu na miaka 3 tathmini ya wataalamu. Pengine hao wenu wana utaratibu tofauti, kwa hiyo uliza. Lakini kama ni hivyo, basi mmenyamaziana siku mbili kwa ajili ya jibu ambalo hakuna aliyeahidi kuwapa. Mumeo anaogopa hukumu, wewe unaisubiri, na hiyo mahakama yenyewe haina hakimu.

Sasa ile mashine ya nane katika kumi. Nadhani unazungumzia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature. Walichukua watoto zaidi ya 100 wenye kaka au dada mwenye usonji, wakawapiga picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, MRI, wakiwa usingizini, walipokuwa na miezi 6 na miezi 12. Waliona kwamba kwa baadhi yao uso wa ubongo unapanuka haraka kuliko kawaida, na kompyuta ikatumia vipimo hivyo kubashiri nani angeonekana ana usonji akifika miaka 2. Kati ya kila kumi iliowabashiria, wanane hivi ndivyo walivyokuwa. Ni kazi kubwa, sitaipuuza.

Ila wafikirie wawili waliobaki. Mama yao angekaa kama mwaka mzima akimsubiri mtoto abadilike, na mtoto asibadilike. Kila akipanga vikombe mstari mmoja, moyo unaruka. Na wapo wengine, wachache, ambao kompyuta iliwapita. Hao wazazi wao wangelala usingizi mzito hadi siku maneno yanapoanza kupungua. Hesabu ile pia ni ya watoto wenye ndugu mwenye usonji, waliopimwa kwa mashine ambayo huwezi kumlazia mtoto wa kila mtaa. Haijawa kipimo cha hospitali. Kipo na kifaa cha kufuata macho ambacho Marekani walikiruhusu mwaka 2022, lakini kiliruhusiwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, kimsaidie mtaalamu kufikia uamuzi. Na huko uliko, Uingereza, hakuna utaratibu wa kuwachuja watoto wote wadogo kwa ajili ya usonji. Kamati yao ya uchunguzi wa afya haijaupendekeza.

Wewe ni mtu wa hesabu, daftari lako linasema hivyo, basi nikupe nyingine. Mwaka 2024 watafiti wa vituo mbalimbali waliunganisha kumbukumbu za watoto 1,605 waliozaliwa nyuma ya ndugu mwenye usonji. Kama mmoja katika watano alikuja kuwa nao. Kwa wavulana ilikuwa 25 katika 100. Kwa wasichana 13. Sikwambii ujilaze juu ya hiyo 13 kama godoro. Wasichana wana tabia ya kujificha, wengine hutambuliwa wakiwa shuleni au wakubwa kabisa, na watoto wale walifuatwa hadi miaka 3 tu. Lakini umekuwa ukiishi kama vile ni 90.

Nalo daftari. Mwanangu, mtoto wa miezi mitano akigeuka mara mbili katika tano anapoitwa, hajafanya kosa lolote. Wataalamu huanza kuuliza "mbona hageuki akiitwa?" kuanzia miezi 9. Kuhusu macho, ni kweli ulilosoma, kama ulilisoma: mwaka 2013 ulichapishwa utafiti ulioonesha kwamba watoto waliokuja kuwa na usonji walitazama macho ya watu kama wenzao wakiwa na miezi 2, kisha utazamaji ule ukawa unashuka taratibu hadi miezi 6. Lakini huo ni mteremko mdogo uliopimwa na mashine, mara nyingi, kwa makundi. Jicho la mama halioni kitu hicho, hata akiwa na tochi. Unachokiona wewe pale kitandani ni mtoto ameshiba, au ana usingizi, au ameiona pazia.

Na ndiyo maana nikisoma barua yako nilisita kwenye neno "nimpime". Umeshaanza kumpima tangu zamani. Watafiti wakishamaliza watavua kofia, watakupa chai na kukurudishia nauli. Wewe unapima Jumatatu hadi Jumapili na hakuna anayekurudishia kitu. Huenda kwenda kwao kukakupumzisha, kwa kuwa watu wenye macho yaliyozoea watakuwa wanamtazama mtoto nawe utapata kuwa mama yake tu. Wapo wazazi wanaosema hivyo hasa: naenda ili mimi niache kulinda. Huenda pia kukakuongezea kurasa, kila miadi ikawa mtihani unaoujibu kwa niaba ya mtoto, na usiku uliotangulia usilale. Mimi siwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Wewe unaweza kulikisia, ukijiuliza ulikuwaje zile wiki mbili kabla ya vipimo ulivyofanyiwa ukiwa mjamzito.

Niruhusu niliguse na hili la miaka minne, kwa upole. Unasema ungejua mapema usingeipoteza. Nimesoma upya hadithi ya mkubwa, na ninachokiona ni mama aliyejua. Maneno yalipoanza kwenda uliyahesabu, ukaenda kwa daktari. Ulirudi. Ukarudi tena. Mashine gani ingekuambia kitu ambacho hukukijua? Kilichokosekana ni mtu wa kukusikiliza, kisha foleni ikala iliyobaki. Hilo ni jeraha la haki, nami silifuti. Ila ujue limetoka wapi, kwa sababu kofia ya mawimbi haitibu jeraha la kutosikilizwa, na kwa binti yako kitu kimoja kimeshabadilika: safari hii ukisema "nina wasiwasi", kaka yake yumo kwenye kumbukumbu zenu. Hawatakuambia watoto huchelewa.

Na ule ushauri wa kuacha Kiswahili ulikuwa mbaya. Niseme wazi, maana unawafikia wazazi wengi wa kwetu walioko ughaibuni: kukua na lugha mbili hakuleti usonji, wala hakumzidishii mtoto aliye nao. Watoto wenye usonji wanalelewa kwa lugha mbili na wanazishika zote, kila mmoja kwa kiasi chake. Kilichopotea mwaka ule ni wewe kuwa huru kinywani. Sijui kama mmekirudisha. Kama bado, kirudisheni hata leo jioni, kwa wote wawili. Mbembeleze kwa lugha unayojua kubembelezea.

Hapo ndipo kuna jambo napenda ulibebe unapoenda, au usipoenda. Mwaka 2021 Waaustralia walichapisha matokeo ya kazi yao na watoto kama 100 wa miezi 9 hadi 14. Hawakuwachagua kwa picha za ubongo. Waliwachagua kwa sababu kuna mtu aliona kitu katika tabia: hatazami sana, haoneshi kidole, hageuki. Nusu ya familia zilipata vikao kumi nyumbani. Mtaalamu anakuja, anampiga video mzazi akicheza na mtoto, kisha wanaitazama pamoja: tazama hapa, alikuita kwa jicho, hapa alinyamaza akikusubiri. Mzazi anajifunza kuisoma lugha ya mtoto wake mwenyewe. Watoto walipofika miaka 3, waliopewa jina la usonji walikuwa kama 7 katika 100 upande uliopata vikao, na kama 20 katika 100 upande wa pili. Utafiti ni mdogo, na watu wazima wenye usonji wameuliza swali zuri: je, mtoto amesaidiwa, au amefundishwa kujificha? Tuwaachie wabishane. Kwako wewe nautaja kwa sababu mlango ule ulifunguliwa na macho ya wazazi na manesi, na wewe macho hayo unayo. Ukimwona nesi wenu, muulize kama kuna msaada wa aina hiyo karibu na kwenu, wa mtoto ambaye hajapewa jina lolote.

Mumeo. Alipokuuliza kuhusu mahakama ulimjibu nini? Hukuandika. Mtu anayesema "tutamtazama kwa jicho jingine" ameliona jambo la kweli, na pengine analiogopa kwa nafsi yake kuliko kwa nafsi yako. Pengine yeye ndiye aliyemtazama mkubwa kwa jicho jingine siku ile ya karatasi, na hajakwambia. Au anaogopa kukupoteza: miaka minne ulikuwa kwenye foleni na simu na barua, sasa umeingia kwenye daftari. Sijui. Mwulize anaogopa nini, halafu uache amalize. Usimuulize mbele ya sinki la vyombo.

Mama mkwe anaogopa uchuro, na wazee wetu hawakuanza jana kuogopa kulitaja jambo lisije likasikia jina lake. Huna haja ya kushindana naye. Kombe lake halikumdhuru mkubwa, na mapenzi yalikuwamo ndani ya kile kikombe. Ila methali ya wifi yako siipendi hapa. Usonji si maradhi na hauui. Mtu akikutishia kifo ili ukampime mtoto, hata kwa methali, mwambie asante uendelee na mambo yako.

Turudi kwenye Jumanne. Mkiamua kwenda, hamjajifunga. Katika utafiti mzazi ana haki ya kuacha wakati wowote bila kueleza sababu, na huduma ya mtoto hospitalini haiguswi. Mumeo aende nanyi, akae chumbani, aone hiyo kofia ni kitu gani. Wanaume wengi wanaokataa kwenye simu hulegea wakiona mtoto wao anaivuta kofia ile aitie mdomoni. Yaulizeni haya kabla ya kutia saini: tutaambiwa nini na lini? Mkiona jambo la kuwatia wasiwasi, mtatueleza vipi, na nani atatusaidia baada ya hapo? Je, kuna chochote kitakachoingia kwenye kumbukumbu za hospitali za mtoto bila sisi kukubali? Rekodi zake zitakaa wapi, na nani mwingine atazitumia? Na hili la kwenu wenyewe, mliafikiane mkiwa bado nyumbani: tukipewa nafasi ya kujua kitu akiwa na miezi 10, tunataka kujua? Mmoja akitaka na mwingine hataki, tutafanyaje? Anayeenda bila kujibu hilo huligombania kwenye treni ya kurudi.

Mkiamua kutokwenda, binti yenu hatakuwa gizani. Nesi anakuja karibu na mwaka mmoja, anakuja tena mtoto akishapita miaka miwili, na katikati yake kuna nyinyi. Mambo ya kuyashika ni machache, hayahitaji daftari: asipogeuka akiitwa kufikia miezi 9, asipopunga mkono wala kutumia ishara akifika mwaka, asipoonesha kidole kitu kilichomfurahisha akifika mwaka na nusu. Na akipoteza maneno au ishara alizokuwa nazo, wakati wowote ule, msisubiri miadi. Hasara ya njia hii unaijua: ni wewe utakayekuwa unatazama, na umechoka. Faida yake ni kwamba mumeo atakuwa anatazama pamoja nawe badala ya kukutazama wewe.

Ipo na ya katikati, ya kuwapigia na kuuliza kama mnaweza kuanzia miezi 10. Wengine hukubali, wengine hawakubali kwa sababu ratiba yao inaanza na uchanga. Kuuliza ni bure.

(Wasomaji walioko huku nyumbani msiniandikie kuuliza kofia inapatikana wapi. Dalili nilizozitaja ni zile zile Tanga na Turkana. Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, watu huviita EARC, vinavyopokea mtoto kabla hajaanza shule. Na Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto waliochelewa kimaendeleo, yaliyojaribiwa Kenya na Ethiopia, yanayoendeshwa na watu wasio madaktari bingwa. Anzeni kliniki ya mtoto, na mkiambiwa subirini, ulizeni hadi lini.)

Jambo moja sitalipita. Mkubwa alikuwa sakafuni. Umeandika hujui alielewa nini, kisha ukaruka haraka kwenda kwenye aya nyingine. Watoto wenye maneno machache mara nyingi wanaelewa mengi kuliko wanayosema. Na "njia ile" uliyosema huwezi kuipita tena, yeye ndiye anayeipita. Najua hukumaanisha yeye. Ulimaanisha foleni, na daktari, na ule mwaka wa Kiingereza. Mwambie hivyo. Kaa naye chini, shika gari moja, umwambie kwa maneno mafupi kwamba mama alikasirikia kungoja, hakumkasirikia yeye. Tumia na zile picha zake. Asipokutazama usidhani hajasikia.

Umeuliza pia kuhusu kicheko, ukaniambia nisicheke. Nimecheka. Watoto wa miezi mitano huwacheka kaka zao, na hurusha mikono wakiona mwingine anarusha. Siku ile alipopaliwa kwa kicheko, uliandika nini kwenye daftari? Nadhani hukuandika kitu, ulikuwa unawatazama.

Ukishapiga simu ile, ya kuthibitisha au ya kughairi, niandikie. Mpe mkubwa salamu zangu, na umuulize kama basi la baba yake lina magurudumu mangapi.